Jina la pili kwenye picha ya Don Quixote

Usiku huu nimeishia kuikodolea macho picha ile ya Don Quixote akisoma, yule mzee wa riwayani aliyepata wazimu kwa kusoma hadithi za mashujaa. Mzee mkondefu amekaa kitini, kitabu mkono wa kushoto, upanga ameuinua kwa wa kulia. Chumba kizima kimefurika watu waliomtokea vitabuni: majitu, mashujaa wenye mikuki, wanawake wanaosubiri kuokolewa. Gustave Doré aliichora kwa ajili ya toleo la Kifaransa lililotoka Paris mwaka 1863, zaidi ya miaka 250 tangu mwandishi Mhispania Cervantes amlete mzee huyu duniani mwaka 1605.

Wote humtaja Doré. Mimi moyo wangu uko kwa H. Pisan, aliyeichonga picha hiyo ubaoni ili ichapwe.

Doré alikuwa akichora juu ya ubao wenyewe wa kuchapia, mara nyingi kwa brashi na wino uliozimuliwa kwa maji. Ubao ni wa mti mgumu, umekatwa kukingama shina kama tunavyokata muhogo vipande, ili tindo isikwame kwenye nyuzi. Kisha unakabidhiwa Héliodore Pisan, na hapo ndipo kazi ninayoiheshimu inapoanza. Wino wa matbaa haujui kijivu. Upo au haupo. Kila kivuli kilichopakwa kwa brashi, Pisan ilimbidi akigeuze mistari, minene hapa, myembamba pale. Panapotakiwa weupe anachonga. Anapopaacha ndipo panaposhika wino. Tindo ikiteleza, hakuna kufuta. Na kadiri alivyochonga, mchoro wa mkono wa Doré ulikuwa ukitoweka chini ya vidole vyake.

Tazama vile vizuka vya nyuma. Mistari inazidi kuwa myembamba, inaachana, mpaka huwezi kusema shujaa anaishia wapi na kivuli kinaanzia wapi. Huo ni uamuzi wa mchongaji, unywele kwa unywele. Wazimu wa mzee tunauona kwa sababu mtu mwingine alikuwa na utulivu wa ajabu.

Inaniuma kuona picha hizi zikisambazwa kwa jina moja tu, ilhali hata ukurasa wa mwanzo wa toleo lile ulimtaja Pisan waziwazi, chini ya mwenzake.

Kesho nitaishika ile ya vinu vya upepo, farasi Rocinante na bwana wake wamerushwa hewani na panga la kinu. Nataka kuona anga lile amelichonga vipi.