Kilowati Kumi Zisizo na Baba

Nikiwa mwanafunzi wa uhandisi, nilipewa kazi ya kukokotoa ufanisi, yaani sehemu ya nishati ya fueli inayogeuka umeme, wa mtambo mseto unaounganisha seli ya fueli na turbini ya gesi. Usiku mmoja nilipata asilimia 78. Badala ya kushtuka kwa ukubwa wake, nilichapisha ukurasa, nikaipigia tarakimu ya mwisho mstari mwekundu, na asubuhi nikaenda kwa mwalimu wangu kama mtu aliyeokota lulu.

Mtambo wenyewe niliufahamu, au ndivyo nilivyodhani. Kompresa hushindilia hewa hadi kanieneo mara 3 hivi ya ile ya angahewa, hewa hiyo hupashwa moto na moshi unaotoka, kisha huingia katika seli ya kauri ambayo joto lake linaweza kukaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Humo ayoni za oksijeni, yaani atomi zake zenye chaji, hupenya ukuta wa zirkonia na kuikuta fueli upande wa pili, umeme ukazalika bila mwali wowote. Fueli hailiwi yote. Asilimia 15 hivi huachwa makusudi, kwa sababu seli ikilazimishwa kuimaliza, volti zake huporomoka na nikeli iliyo upande wa fueli huweza kuharibika. Masalia hayo huungua katika chumba cha mwako, nayo gesi yenye moto huzungusha turbini, ambayo sharti ilishe kompresa kwanza, mlaji mkubwa kweli kweli, ndipo itoe umeme wa ziada.

Mwalimu hakuitazama 78 yangu. Aligeuza karatasi, akachora kisanduku kwa penseli na mshale mmoja unaoingia, akaandika 100.

“Tuseme umeingiza kilowati 100 za methani. Haya, kijana, nitajie kila kinachotoka.”

Nikamtajia. Umeme wa seli ulikuwa 67.3, kwa kuwa seli ilifanya kazi kwenye volti 0.7, ilhali nishati yote ya methani, bila kuhesabu joto ambalo mvuke hurudisha ukigeuka maji, ni sawa na volti 1.04. Turbini niliichukulia kuwa hugeuza robo ya joto linaloifikia, hivyo ilitoa 10.7, na 32.1 zikaenda na moshi. Alijumlisha polepole, akaandika 110.1, akaiweka penseli mezani.

“Kilowati kumi hizi, baba yao nani?”

Nilikaa kimya kwa muda ulioniaibisha. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kompyuta nayo haikulalamika hata kidogo, wakati kisanduku cha penseli kilinifichua kwa dakika mbili. Kumbe katika mstari wa seli nilikokotoa umeme kana kwamba fueli yote imetumika, kisha katika mstari wa chumba cha mwako nikaichoma tena ile asilimia 15 iliyokwisha kugeuzwa umeme. Nilipozidisha 67.3 kwa 0.85, seli ilishuka hadi 57.2, hesabu ya kisanduku ikafunga kwenye 100, na ufanisi ukawa asilimia 67.9.

“Na inveta?” akauliza, nami sijamaliza hata kupumua. Seli hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, na inveta, kifaa kinachougeuza kuwa mkondo geu, hupoteza sehemu yake. Tukakata asilimia 5 ya umeme wa seli, tukabaki na 65.

Hapo ndipo aliponieleza habari za mtambo wa kilowati 220 wa Siemens Westinghouse, uliojaribiwa Irvine, California, kuanzia mwaka 2000, ambao ufanisi wake ulikuwa asilimia 53 hivi. Nilimwuliza zile 12 zilizobaki zimepotelea wapi. Alinisogezea penseli, akaniambia nianze na joto linalovuja kwenye kuta za chombo cha seli, ambalo katika kurasa zangu zote nilikuwa nimeliandika sifuri.