Andrei Hakufia Pale

Dada yangu alivunjika mguu akishuka ngazi, wala hakuwa na haraka yoyote. Akafungwa plasta na kuambiwa wiki sita asikanyage chini. Siku ya tatu akanipigia. "Nitafutie kitu. Cha kusoma, cha kutazama, cha kusikiliza, chochote. Mbao za dari nimeshazihesabu mara mbili."

Mimi kuombwa pendekezo ni kama mtoto kuombwa aimbe mbele ya wageni: najidai kusita, kumbe nilikuwa nangoja. Usiku ule nilikaa nikaandika orodha, na nikiikumbuka leo naona wazi kwamba nusu yake haikumhusu mgonjwa. Nilitaka dada aone ana ndugu mwenye ladha.

Juu kabisa niliweka The Wire, tamthilia ya polisi na wauza unga wa Baltimore, misimu mitano, vipindi 60. Nikamwonya kwamba mwanzo unakwenda taratibu, avumilie mpaka kipindi cha nne. Kwa muziki, Kind of Blue ya Miles Davis, albamu ya mwaka 1959 iliyorekodiwa kwa siku mbili tu. Kwa mchezo, Tetris, ule wa kupanga vipande vinavyoshuka kwenye skrini, ambao Alexey Pajitnov aliubuni Moscow mwaka 1984. Hauna hadithi ya kufuatilia, unauacha dawa ikikulaza na kuurudia ukiamka. Na chini, kwa herufi kubwa, Vita na Amani, riwaya ya Mrusi Tolstoy. Nikaongeza: "Hiki ukikimaliza utakuwa mtu mwingine." Nikampelekea nakala yangu mwenyewe, tafsiri ya Kiingereza, tofali la kurasa zaidi ya 1,200.

Nisichoandika ni kwamba mimi nilikuwa bado mtu yuleyule. Kitabu kile kina juzuu nne na hitimisho refu. Nilikuwa nimesoma juzuu ya kwanza tu. Majina yalinishinda. Kila Mrusi mle ndani ana jina lake, jina la baba, la ukoo na la kudekezwa, na kila anayemwita huchagua alitakalo, kwa hiyo unaweza kusoma kurasa tatu ukidhani chumbani kuna watu sita kumbe ni wawili. Nilijikokota mpaka vita vya Austerlitz, mwaka 1805. Pale Mwanamfalme Andrei anainyakua bendera, anakimbia mbele, anapigwa, anaanguka chali na kuliona anga, refu, tulivu, kana kwamba hajawahi kuliona. Juzuu inaisha akiwa ameachwa pamoja na majeruhi waliokatiwa tamaa. Nikafunga kitabu. Kwangu Andrei alikuwa amekufa, na kifo chake kilikuwa kizuri. Kwa miaka nikawa nalisimulia anga lile mbele za watu, na watu wakiitikia kwa kichwa. Nashuku wengine nao waliishia palepale.

Taarifa za mgonjwa zikaanza kuja. The Wire aliiacha kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Alisema hana nguvu ya kukariri sura za polisi huku mguu unapwita. Kind of Blue aliisifu sana, kwamba hajawahi kufika wimbo wa tatu bila kusinzia. Sijui Miles Davis angelipokeaje hilo, lakini kwa mtu asiyepata usingizi kwa maumivu, sioni sifa kubwa zaidi. Tetris ilifika mahali shemeji akawa anamficha simu usiku.

Kuhusu Tolstoy, kimya. Nikashukuru.

Wiki ya tano akanipigia usiku mwingi, sauti imeziba kama mwenye mafua.

"Nimetoka kumzika Andrei."

"Pole," nikasema. "Lakini lile anga, dada."

"Anga gani?"

"La Austerlitz. Pale alipofia."

Nikasikia kitanda kinalia, anajiinua.

"Mdogo wangu, Andrei hakufia pale. Alirudi nyumbani. Alirudi usiku uleule mkewe anajifungua, mke ndiye akafa. Baadaye akamchumbia Natasha, uchumba ukavunjika. Akaja kuumizwa tena kwenye vita vya Borodino, 1812, akauguzwa na Natasha huyohuyo mpaka akakata roho. Wewe ulisoma kitabu gani?"

Nilijitetea kwamba ni zamani, mambo yamenichanganyikia. Akaniuliza Natasha aliishia vipi. Nikabahatisha: kwa huzuni. "Ameolewa na Pierre," akasema, "ana watoto wanne, amenenepa, na hana habari na mtu." Kisha akacheka, akacheka mpaka akaanza kuulalamikia mguu.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitesa. Aliniambia kwamba kurasa mia za mwanzo alitaka kukitupa, majina yalimshinda yeye pia. "Nikajiambia, kama huyu alikimaliza, na ninavyomjua mimi, nitashindwaje?" Basi akachukua kalamu ya wino na kuwaandika wahusika kwenye plasta, ukoo kwa ukoo: akina Rostov kuanzia gotini, akina Bolkonsky kuzunguka kifundo, Pierre peke yake juu ya wayo kwa sababu hakujua amweke wapi.

Siku ya kukatwa plasta aliipiga picha kwanza. Picha hiyo akanitumia, na kitabu akakirudisha, bila maelezo.

Nilianza upya, picha ya mguu wa dada ikiwa kwenye simu kando yangu. Ilinichukua miezi mitano. Nilifika Borodino, nikafika kitandani kwa Andrei, na zamu hii nilikuwa mimi niliyeziba pua. Nikafika hitimisho. Sehemu yake ya pili haina mhusika hata mmoja; Tolstoy anawaacha wote na kushika ubishi na wanahistoria juu ya nguvu inayoyasukuma mataifa, sura 12 mfululizo. Nilisoma mbili, nikampigia dada nikiri mapema kabla hajanikamata.

"Zile?" akasema. "Zile hata mimi niliziruka."