Vibunda vya Peni vya Babu

Wiki iliyopita jirani yangu wa hapa Chumbageni, Tanga, alinijia na mkebe wa sarafu alizoachiwa na marehemu baba yake, akitaka nimwambie zina thamani gani. Sikumjibu papo hapo, kwa sababu mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja Ngamiani, kwa shangazi, mwaka ule tulipogawana vitu vya babu.

Babu alikuwa karani wa mishahara katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Ndani ya kasha lake, chini ya kanzu, tulikuta vibunda vinne vya peni, zile senti kumi za zamani zenye tundu katikati, vimeviringishwa kwa karatasi ya kaki na kukunjwa vizuri ncha zote mbili. Juu ya kila kibunda aliandika kwa wino "Sh. 5/-", yaani peni 50. Shangazi alitaka zifunguliwe zote, zisuguliwe kwa ndimu na majivu hadi zing'ae, ndipo ziuzwe. Nilimsihi asubiri, kwa kuwa peni iliyosuguliwa hupoteza rangi yake ya asili, na wakusanyaji wa sarafu huikwepa.

Mnunuzi tuliyemwita kutoka Dar es Salaam alichukua kibunda kimoja, akachana kidogo ukunjo wa karatasi kwa ukucha, akakielekeza dirishani na kuchungulia kwenye tundu. Mwanga ulipenya kutoka ncha moja hadi nyingine. Peni ya mwisho ilisomeka EDWARDVS VIII, mwaka 1936. Alitueleza kwamba mfalme huyo, Edward wa Nane wa Uingereza, aliingia madarakani Januari mwaka huo na kujiuzulu Desemba, kabla hata hajatawazwa, na kwamba huko Uingereza kwenyewe sarafu zenye jina lake hazikupata kutumika madukani. Zetu za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura ya mfalme, kwani penye sura pana tundu, hivyo zikatolewa kwa mamilioni. Kwa sababu hiyo, alisema, jina ni adimu lakini peni yenyewe si adimu.

Kilichompa shida ni ule ufungaji. Kibunda kilichofungwa na benki huaminika kuwa kina sarafu mpya tupu, lakini hivi vilifungwa kwa mkono wa babu, na sarafu mbili za nchani haziwezi kuzitolea ushahidi 48 zilizofichwa. Akataja bei ndogo kwa vibunda vilivyofungwa, akasema itapanda au itashuka tukifungua.

"Mwanangu, fungua kimoja," shangazi akaniambia.

Nilipasua karatasi kwa kisu cha jikoni, taratibu, kwa kuwa ilikuwa imekauka na kuanza kumeguka. Peni za nchani zilikuwa za kahawia iliyokolea, lakini zilizofuata zilitoka nyekundu, na ukingo wa kila moja ulikuwa mkali kama siku ilipopigwa muhuri. Pembe za ndovu zilizozunguka tundu zilionekana hadi ncha zake. Mnunuzi alizipanga juu ya mkeka bila kusema neno, akizishika ukingoni tu. Mimi nilibaki na karatasi mkononi, na upande wake wa ndani nikaona maandishi ya penseli, mwandiko uleule wa babu: namba ya kipande, na chini yake neno moja, "hajarudi".

Kipande kilikuwa kadi ya kazi. Manamba, yaani kibarua wa mkongeni, aliyemaliza siku zake 30 ndipo alipolipwa. Wengi wao walitoka mbali, Kigoma, Songea, hata Msumbiji. Shangazi aliisoma karatasi ile, akairudisha kwangu, kisha akazikusanya peni zote 50 kwenye upindo wa kanzu yake na kumwambia mnunuzi kwamba biashara imeahirishwa. Mnunuzi akaongeza bei, tena kwa heshima, lakini shangazi hakubadili kauli.

Alipofariki, vibunda vilinijia mimi. Vitatu bado vimefungwa, na sijui kama navyo vina namba ndani. Ndugu zangu wananihimiza niviuze sasa, kwa sababu wanaotafuta sarafu za 1936 bado wapo na bei si mbaya, na hoja yao naielewa. Nimeanza kuulizia kwa wazee waliofanya kazi mkongeni kama daftari za mishahara za miaka ile ziliwekwa mahali, kwani kwenye daftari namba ingekuwa na jina, na jina lingekuwa na kijiji.