Nilisimama juu ya mtu nikasema hakuna mtu

Tangu Jumatano usingizi unanija kwa kubembelezwa, na sababu yenyewe naona aibu kuiandika. Ni mtoto mmoja wa gredi ya saba, kaptula yake imefungwa kwa kamba ya nailoni, na maneno matatu niliyomjibu.

Tulikuwa kwenye lile kanisa dogo la Wareno hapa Malindi, lenye makaburi uani, ninapowatembeza wageni. Watoto walikuwa wametoka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, jua limewachoma, kila mmoja anauliza maji yako wapi. Nikawapa maneno yangu ya kila siku: kwamba Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498, baada ya mambo kumharibikia Mombasa, kwamba mfalme wa hapa alimpokea akampa na rubani wa kumvusha hadi Calicut, India, kwamba Mtakatifu Francis Xavier, padri mmisionari, alipita hapa mwaka wa 1542 akienda India. Msimu ukiwa mzuri nayasema haya mara nne kwa siku. Mdomo unakwenda wenyewe, mimi nawaza karo ya shule.

Kaptula ya kamba akainua mkono.

"Mjomba, huyo mtakatifu amelala kaburi lipi?"

"Hakuzikwa hapa. Alifia kisiwani karibu na China mwaka wa 1552, mwili wake uko Goa."

"Na Vasco da Gama?"

"Alifia Cochin, India, mwaka wa 1524. Baadaye mifupa ikarudishwa Ureno."

"Sasa hapa yuko nani?"

"Hapa hakuna mtu."

Mtoto akaitazama misalaba, akanitazama mimi. Mnamjua mchuuzi anayekuambia samaki wamekwisha na mkia unachungulia kikapuni? Ndivyo alivyonitazama. Msichana wa nyuma akasema, "Basi tumelipia nini?" Darasa zima likacheka, mwalimu wao akacheka, na mimi nikacheka nao, tena kwa sauti.

Kilichonikera hasa ni kule kucheka kwangu. Nimekurudia mara ngapi sijui. Nikiwa kwenye tuktuk nasikia "Sasa hapa yuko nani?" Nikinawa nasikia. Ningeweza kumwambia kuna Wazungu wa enzi za ukoloni chini ya misalaba ile. Ningeweza hata kumwambia subiri kidogo, nifikirie. Lakini nilikuwa nimeulizwa watu maarufu, na wale wawili hawako, basi kwa hesabu yangu wote waliobaki wakawa si kitu. Salma wetu kaolewa Ijumaa, mwenye nyumba katuambia anauza, na mimi bado niko pale na kaptula ya kamba.

Alhamisi usiku nikamwambia Shangazi. Alikuwa uani kwa kina Salma, sinia mapajani, anachambua mchele wa pilau. Shangazi mnamjua, miaka zaidi ya 30 anakosha maiti za wanawake mtaani kwetu, na hana haya ya kuzungumza habari za wafu huku anagusa chakula. Nilidhani atanicheka. Aliendelea kuchambua.

"Hakuna mtu, kwa hiyo."

"Namaanisha hakuna mkubwa, shangazi."

"Na huyo mtakatifu wenu, alipita tu kama abiria?"

Nikamweleza habari ya barua. Francis Xavier aliandika kutoka Goa, Septemba 1542, akieleza safari. Anasema walipofika Malindi mtu mmoja wa jahazini mwao alikufa, wakamteremsha pwani wakamzika kwa taratibu za dini yao. Inasemekana ni pale pale kanisani. Na anasema Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao.

Shangazi akaacha mchele.

"Alikufa kwa nini?"

"Hakusema."

"Jina lake?"

"Hakusema pia."

"Padri mzima, anaandika barua ndefu, anashindwa kumwandika maiti wake jina!" Akatupa kijiwe cha mchele gizani. "Walimkosha?"

"Sijui, shangazi."

"Na hao Waislamu waliopendezwa, waliona wapi?"

"Walikuwepo, nadhani."

"Huwezi kupendezwa na maziko hukuyaona. Walisimama. Watu wa hapa walisimama juani kumtazama mgeni anafukiwa, wala si wa kwao." Akaturudia, mimi na sinia. "Na wewe umekuja na watoto wa watu, ukasimama juu yake ukasema hakuna mtu."

Nikanyamaza. Kwa kujitetea nikamletea kipande kingine cha barua ile ile, kwamba mzee mmoja mkubwa wa Malindi alimlalamikia Xavier kuwa mji una misikiti 17 lakini inayosaliwa ni mitatu tu, na hata hiyo kwa watu wachache. Shangazi akaduwaa. "Hata wakati ule?" Kisha akageuza shingo taratibu, akamtazama mjomba aliyekuwa anacheza bao tangu alasiri. Mjomba akainuka, akasema anakwenda kutazama kuni.

Nimecheka mpaka chozi, na hicho kicheko ndicho kilichonifungua. Nililala usiku ule.

Jana Jumamosi nikaenda peke yangu, mapema, kabla ya joto. Miaka yote hii sijawahi kuingia pale bila kundi nyuma yangu. Bila watu panakuwa padogo zaidi. Makuti yalikuwa na umande bado. Ukutani, chini kwenye pembe ya kivuli, chumvi imekula chokaa, nikaweka kiganja, punje zikanibakia mkononi kama sukari guru. Mjusi alikuwa amelala juu ya msalaba mmoja, kidevu chake kinapanda na kushuka, hakunijali.

Sikujua niseme nini. Tukipita makaburini kwetu kuna salamu yake, nimefundishwa tangu utotoni, hata kwenye zile nguzo za makaburi ya zamani karibu na Msikiti wa Juma huwa naitoa bila kufikiri. Lakini huyu si wa salamu ile, na kupita kimya baada ya maneno ya Shangazi sikuweza. Nikatazama nyuma kama kuna mtu. Nikasema, "Hodi."

Nikaketi kidogo kwenye kivuli nikawaza mambo ya kipuuzi. Kwamba labda alikuwa kijana. Kwamba msafara wa Xavier ulikuwa umetoka Lisbon Aprili 1541, wakakaa miezi Msumbiji wakisubiri pepo, kwa hiyo labda naye alikuwa karibu mwaka mzima safarini, na India ilikuwa imebaki ile bahari moja tu. Kwamba nahodha na padri waliondoka na upepo, wakamwacha na sisi. Xavier ana kanisa lake Goa na watu wanatoka mbali kwenda kumwona. Huyu wetu ana kaptula ya kamba.

Mwalimu wa shule ile amenipigia leo mchana. Anataka kuleta mkondo wa pili Jumanne. Nikamuuliza, yule mtoto wa kamba anaweza kuja tena? Akasema yupi, wote wana kamba. Nikacheka, lakini nimeshaandaa. Nitaanzia kwa huyu wetu asiye na jina. Vasco atasubiri.

Sasa ni saa nne usiku, wenzangu wamelala, na jikoni kunanuka gesi tena. Nimepaka povu la sabuni kwenye mpira, halipuliki. Kijana wa dukani alisema tatizo ni washa tu, kile kipete cha mpira, akabadilisha, akachukua hela yake. Nimeufunga mtungi, nimeutoa nje mlangoni, na sasa nasikia paka wa jirani anaukuna.