Mlimani Mwanafunzi Apande na Swali

Kundi la wanafunzi linapowasili kwenye lango la hifadhi ya mlima, jambo la kwanza ninalomwuliza mwalimu wao ni swali gani limewaleta. Mara nyingi hunitajia mada: miamba, mimea, ndege, hali ya hewa, vyanzo vya maji, na pengine yote hayo kwa siku moja. Ninaielewa sababu yake. Ziara ni ghali, ruhusa hupatikana kwa taabu, na mwalimu aliyefanikiwa kuwatoa wanafunzi darasani hutaka warudi wamevuna kila kilichopo. Hata hivyo nimeshuhudia jinsi siku ya namna hiyo inavyokwenda: mwongozaji anasimama na kueleza, wanafunzi wanaandika, kundi linasogea mbele, mwongozaji anaeleza tena, na jioni madaftari yamejaa maneno ambayo yangeweza kunakiliwa kitabuni bila mtu kuchosha miguu. Msimamo wangu ni kwamba kundi lipande na swali moja linalopimika, lilishughulikie kutwa nzima kwa mikono yake lenyewe, na sisi waongozaji tupunguze maneno.

Mlima una faida ambayo uwanja wa shule hauna, kwani hukusanya tofauti kubwa za mazingira ndani ya umbali mfupi. Kwa wastani, joto la hewa hupungua kiasi cha nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kanieneo ya hewa nayo hushuka, hata kufikia mita 5,500 juu ya usawa wa bahari inakuwa imebaki takriban nusu. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 pwani huchemka kwa takriban nyuzi 90 mtu akiwa kwenye mwinuko wa mita 3,000. Mimea hulazimika kufuata mabadiliko hayo yote, na ndiyo maana mpandaji wa Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha mita 5,895, huanza katika msitu wa mvua, akapita kwenye vichaka vifupi, akaingia katika jangwa la baridi lenye mimea michache, na mwisho akafika kwenye barafu. Mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt aliupanda mlima wa Chimborazo, nchini Ekwado, mwaka 1802 bila kufika kileleni, kisha akauchora ukiwa umepasuliwa ubavuni, kila mmea umeandikwa kwenye mwinuko wake. Mchoro huo, uliochapishwa mwaka 1807, ni kazi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya upya kwa mlima wowote akiwa na penseli na kifaa cha kupimia mwinuko.

Ninapotakiwa kutoa mfano wa ziara ya sayansi iliyopangwa vizuri, huwa ninasimulia habari za Florin Périer. Mwaka 1648 shemeji yake, mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal, alitaka kujua kama zebaki iliyomo katika mrija wa barometa, kifaa cha kupimia kanieneo ya hewa, hushikiliwa na uzito wa hewa. Kama ni hivyo, alisema, safu ya zebaki itakuwa fupi zaidi juu ya mlima, ambako hewa iliyo juu yetu ni kidogo. Pascal alikuwa Paris, na mlima uliofaa, Puy de Dôme, ulikuwa karibu na kwa Périer huko Clermont, katikati ya Ufaransa. Tarehe 19 Septemba mwaka huo Périer alikusanya watu wa mji, akatayarisha mirija miwili katika bustani ya watawa, akahakikisha kwamba zebaki imesimama kwa kimo kilekile katika yote miwili, kisha akauacha mmoja hapo bustanini chini ya uangalizi wa mtawa aliyeagizwa auangalie siku nzima. Mwingine alipanda nao. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa takriban sentimita 8. Hakuridhika kwa kupima mara moja. Alirudia kipimo mahali mbalimbali pa kilele, ndani ya kikanisa na nje, penye upepo na penye kinga. Alipokuwa akishuka alipima tena katikati ya mlima na kupata kimo kilicho baina ya kile cha juu na kile cha chini. Aliporudi bustanini, mtawa alimweleza kwamba mrija wake haukubadilika tangu asubuhi.

Kila ninachotaka wanafunzi wakifanye kimo ndani ya siku ile moja. Kulikuwa na swali, kulikuwa na makisio yaliyosemwa kabla ya kupanda, vifaa vililinganishwa kabla ya kutenganishwa, vipimo vilirudiwa, na mtu alibaki chini. Huyo wa chini ninamheshimu sana. Bila yeye, yeyote angeweza kudai kwamba zebaki ilishuka kwa sababu hali ya hewa ilibadilika mchana huo. Katika makundi yetu daima kuna mwanafunzi ambaye hawezi kupanda kwa sababu ya ulemavu, pumu au jeraha, na mazoea ya wengi ni kumwacha kwenye basi akisubiri wenzake. Ninaliona jambo hilo kuwa dhuluma na pia uzembe wa kisayansi, kwa sababu kituo cha chini ndicho kinachohitaji mtu makini kuliko vyote: asome kila baada ya dakika 15, asiruke hata mara moja, na aandike kila wingu linalofunika jua. Wenzake wakishuka, hawawezi kutafsiri hata namba moja ya kwao mpaka yeye afungue daftari lake.

Swali ninalolipenda kwa makundi ya umri wa miaka 12 hadi 14 ni hili jepesi: je, kadiri tunavyopanda, hewa inazidi kuwa baridi? Wote hujibu ndiyo, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Tunaanza mapema, jua likiwa halijafika bondeni. Kituo cha kwanza kiko kando ya kijito, cha pili kiko juu kidogo kwenye mteremko, na vingine viwili viko juu zaidi. Kipimajoto hushikwa kivulini, kimo cha kifua, mbali na mwili wa msomaji, na husubiriwa mpaka namba itulie. Asubuhi moja iliyotanguliwa na usiku usio na wingu, kundi moja lilipata kituo cha pili kikiwa na joto zaidi ya cha kwanza kwa nyuzi kadhaa. Msichana aliyekuwa akiandika alisimamisha kalamu na kusema kwamba kipimajoto kimeharibika. Mwenzake alipendekeza wabadilishane vipimajoto na kundi la nyuma yao; wakabadilishana, namba ikabaki ileile. Mvulana mmoja akashuka mbio hadi kijitoni kupima upya na kurudi akihema, na jibu lake halikuwa tofauti. Mwalimu alinigeukia akitarajia nieleze, nami nikanyamaza, ingawa ilikuwa vigumu.

Walikaa juu ya mawe kwa muda wakibishana. Aliyepata njia ni mtoto aliyekuwa kimya tangu asubuhi, ambaye aliuliza kwa nini ukungu ulikuwa umelala bondeni na haukuwa pale walipokaa. Kutoka hapo waliifikia sababu karibu peke yao: usiku mwangavu ardhi hupoteza joto haraka, hewa inayoigusa hupoa, hewa baridi ni nzito, kwa hiyo hutiririka mteremkoni na kujikusanya mahali pa chini. Hali hiyo hudumu mpaka jua liipashe ardhi joto na hewa ichanganyike. Ilipofika saa tano walishuka hadi kituo cha pili na kupima tena, na safari hii vituo vyote vinne vikafuatana kama walivyokisia mwanzoni. Kama ningewaeleza habari hiyo saa moja asubuhi, wangeiandika vizuri na kuisahau. Walipoigundua wenyewe, walielewa pia kwamba wastani wa vitabuni ni wastani tu, na kwamba namba isiyopendeza inastahili kuchunguzwa kabla ya kufutwa.

Swali la pili linalofaa ni la maji: je, kijito hiki ni safi? Hapa vifaa ni vichache mno, yaani wavu mdogo wenye matundu madogo, sinia jeupe, kioo cha kukuzia na brashi laini. Mwanafunzi husimama kijitoni, wavu ukiwa upande maji yanakoelekea, akageuza mawe kwa miguu ili viumbe walioshikilia chini wasombwe na kuingia wavuni. Wavu ukimwagwa katika sinia, mwanzoni huonekana mchanga na majani yaliyooza tu. Baada ya dakika moja ya utulivu, kijiti kimoja huanza kutembea. Ukikikuza utaona kwamba ni lava, yaani mdudu ambaye bado hajakomaa, aliyejijengea ala ya vipande vya mimea na mchanga vilivyounganishwa kwa hariri yake mwenyewe, akitoa kichwa na miguu sita pekee. Pembeni yake huenda kuna mwingine bapa mwenye mikia mitatu na matamvua yanayopepea kando ya tumbo, na mwingine mwenye mikia miwili anayejificha chini ya ukokoto. Viumbe wa makundi haya matatu, wengi wao, hawavumilii maji yenye uchafu na oksijeni kidogo, kwa hiyo wakikutwa kwa wingi huwa ni ushahidi wa maji mazuri. Minyoo wekundu wakitawala peke yao, kuna la kutilia shaka. Huwa tunachukua sampuli juu ya kambi ya wageni na nyingine chini yake, tunahesabu, na kisha tunawarudisha viumbe wote majini palepale walipotolewa. Juu ya hili la mwisho siwezi kulegeza masharti kwa mtu yeyote.

Kazi ya namna hii haiwezekani kama wanafunzi wanafika wakiwa wageni kabisa. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, akiwemo John Falk, walionyesha kwamba mtoto akipelekwa mahali asipopajua kabisa, akili yake hushughulika kwanza kupajua mahali penyewe, na kazi aliyopewa hupata nafasi ndogo. Baadaye Nir Orion wa Israel, mtaalamu wa ufundishaji wa jiolojia, aliugawa ugeni huo katika sehemu tatu: ugeni wa maarifa, ugeni wa mahali na ugeni wa hisia. Ninaukubali mgawanyo huo kwa sababu unaniambia la kufanya. Kwa maarifa, wanafunzi watumie vipimajoto na wavu shuleni wiki moja kabla, ili mlimani wasianze kujifunza kifaa. Kwa mahali, waonyeshwe ramani na picha za njia, wajue kituo cha tatu kiko wapi na choo kiko wapi. Kwa hisia, waambiwe kweli kwamba watachoka, kwamba baadhi yao watahema, kwamba mvua inaweza kunyesha na kwamba hakuna atakayeachwa nyuma. Mtoto mwenye hofu asiyoweza kuisema hawezi kusoma kipimajoto kwa usahihi.

Usalama ninautaja kwa ufupi kwa kuwa kila hifadhi ina masharti yake. Wahesabiwe kila kituo. Saa ya kugeuka iwekwe asubuhi na isijadiliwe mchana. Kuanzia takriban mita 2,500 mwongozaji awe macho kwa maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na anayezidiwa ashushwe mara moja akiwa na mtu mzima. Ngurumo ikisikika, kundi liondoke mara moja kwenye mgongo wa mlima na mbali na miti mirefu iliyosimama peke yake. Kofia na mikono mirefu havina mjadala hata kukiwa na baridi, kwa maana mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na ngozi huungua bila mtu kuhisi joto.

Jambo linalonisikitisha zaidi katika kazi hii hutokea baada ya basi kuondoka. Karatasi za vipimo hupelekwa shuleni, hupewa alama, na kisha hutupwa, na kundi la mwaka unaofuata huanza sifuri kana kwamba hakuna aliyewahi kupima. Wataalamu hawafanyi hivyo. Mtandao wa kimataifa wa GLORIA, ulioanza kazi Ulaya mwaka 2001, huchunguza mimea ya vilele vya milima katika viwanja vidogo vilivyowekewa alama na kupigwa picha, ili timu itakayorudi miaka kadhaa baadaye isimame mahali palepale na kuhesabu upya. Mwaka 2018 wanasayansi walikusanya hesabu za mimea za vilele 302 vya Ulaya, za kipindi cha miaka 145, wakakuta kwamba idadi ya spishi vileleni inaongezeka kwa kasi inayozidi kukua, sambamba na kuongezeka kwa joto. Hesabu za kale walizotegemea zilifanywa na watu waliopanda kwa miguu, wakatazama chini na kuandika majina.

Kwa hiyo nimeanza kuwaomba wasimamizi wa hifadhi mambo mawili, na ninawaomba walimu wanisaidie kuyadai. Kwanza, vituo vya wanafunzi viwekewe alama za kudumu, kila kimoja na namba yake, mwinuko wake na picha ya kukitambulisha. Pili, ofisi ya lango iwe na daftari moja kubwa la vipimo, ambamo kila kundi litaandika tarehe, saa, hali ya mawingu, kifaa kilichotumika na namba zake, pamoja na zile zilizowashangaza, kabla ya kupanda basi. Kundi linalofuata litalisoma daftari hilo kabla ya kuchagua swali lake.