Alikuwa kuli tu

Mama ameruhusiwa kutoka hospitali, alhamdulillahi, na Hamisi amerudishwa kazini, lakini mimi tangu Jumamosi nalala na kuamka na hiyo "tu" ya Shangazi.

Tulikuwa tunakunywa chai. Nikawaambia watoto kwamba babu yangu alikuwa mtu wa reli kule Namasagali, bandari ya mto Nile huko Uganda. Shangazi akatua kikombe.

"Mtu wa reli nani? Baba alikuwa kuli tu. Watu wa reli walivaa kofia, walikuwa na filimbi."

Akaomba sukari. Watoto wakaniangalia, nami nikakosa la kusema.

Majibu yamenijia baadaye, usiku, nikifua, nikiwa kwenye boda. Ningemwambia: Shangazi, reli ile iliyofika Namasagali mwaka 1912 haikujengwa kwa ajili ya kofia. Nile ikishatoka Jinja ni maporomoko matupu, meli haipiti. Ndiyo maana wakatandika reli kando yake mpaka pale maji yanapotulia. Meli zikaja na pamba ya Teso na Lango kupitia Ziwa Kyoga, pamba ikashushwa gatini, ikapakiwa kwenye mabehewa kwenda Jinja. Na robota la pamba halijishushi, Shangazi! "Kuli tu"! Bila kuli, behewa lingeondoka na nini?

Jana nikampigia simu niyaseme yote. Nikaanzia kwenye bega la Babu. Lilikuwa na kinundu, kigumu kama kokwa la embe, na sisi wadogo tulikuwa tukikibonyeza kwa zamu naye ametulia tu, anatafuna karanga.

Shangazi akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda," akasema. "Kwa maji ya chumvi, kila jioni. Hakuweza kuinua mkono kuvua shati."

Kisha akanieleza mvua za 1961 na 1962, ziwa lilivyojaa na Nile nayo ikapanda, gati likazama. Wenye kofia walipata stesheni nyingine. Baba yake alirudi na gunia lake la kujifunika begani, akalitundika mlangoni, likakaa hapo miaka. Miaka hiyohiyo ya sitini majengo ya reli yakageuzwa shule, na leo wanafunzi wa chuo kikuu wanasoma pale. Shangazi hajawahi kurudi kuyaona.

Sikuyasema yale niliyoyapanga. Nilimwuliza kama gunia lilikuwa na harufu. "Ya mafuta ya mbegu za pamba," akajibu papo hapo, "hata mvua iliponyesha haikutoka." Tumekubaliana Jumamosi ijayo awasimulie watoto mwenyewe, na mimi nikae kimya.

Sumaiya anakohoa tangu magharibi. Si kile kikohozi chake cha vumbi, hiki kinatoka chini zaidi. Nimemwinulia mto, na sasa hivi ameanza tena.