Kilo tano za maji katika kila gunia

Natunza hesabu za ghala la mahindi hapa Busia, upande wa Uganda. Hasara ya mzigo mbovu kila mtu ghalani aliilalamikia, ila daftarini haikuwemo. Ilijificha kwa majina mengine: vibarua, maegesho, turubai, "mengineyo". Hiyo safu ya mengineyo, msimu wa mvua, ilivimba kuliko mshahara wangu.

Nikafuata mgawanyo wa Mmarekani Armand Feigenbaum, mtaalamu wa ubora, wa mwaka 1956: gharama za kuzuia ubovu, za kukagua, na za ubovu wenyewe. Hizi za mwisho nikazigawa: zilizotukuta kabla mzigo haujatoka, na baada ya kutoka. Risiti za msimu mzima nikazimwaga mezani. Kuzuia: karibu hakuna kitu. Kukagua: chupa na chumvi. Unatia chumvi kavu pamoja na punje, unatikisa; chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Kipimo kizuri cha shambani, ila hakikupi tarakimu ya kuandika, kwa hiyo nikaazima kipima unyevu.

Hapo hesabu ikanoga. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, sisi tulikuwa tunapokea hata 18. Gunia la kilo 100 la namna hiyo, likikaushwa hadi 13.5, linabaki kilo 94.8 hivi.

"Hajati," nikamwambia mwenye ghala, "kila gunia tunanunua kilo tano za maji kwa bei ya mahindi."

"Na lori zima?"

Magunia 300: zaidi ya tani moja na nusu. Bado hujamlipa anayeanika, anayegeuza na anayeshona magunia upya.

Gharama za baada ya mzigo kutoka ni ngumu zaidi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, na ilipoyaruhusu tena ikadai cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Lori likirudishwa, naandika maegesho, posho ya dereva na kushusha upya. Mnunuzi asiyepiga simu tena sijui nimwandike wapi, na nadhani yeye ndiye ghali kuliko wote.

Hajati amenunua kipima unyevu chetu, na sasa mahindi mabichi tunayakata bei pale pale mizani. Wauzaji kadhaa wamekasirika, wamehamia kwa jirani asiyepima.